Little Nemo anarudi kwenye gemu za kuruka: kwa nini katuni ya 1905, na kwa nini sasa?

MwanaBondeni
Salaam wadau. Jukwaa hili limejaa mpira wa kwenye skrini, leo nataka tuzungumze jambo jengine.

Kuna gemu mbili za Little Nemo ambazo timu mbili tofauti zimezitangaza: Little Nemo and the Nightmare Fiends, iliyochangisha fedha kwa watu kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2021, na Little Nemo and the Guardians of Slumberland. Zote ni za kukimbia ubavuni na kuruka majukwaa, mtindo wa zamani, na zote zimetokana na katuni ya mchoraji Winsor McCay.

Kwa wasiomjua: Nemo ni mtoto wa katuni ya gazeti. Alianza kwenye New York Herald tarehe 15 Oktoba 1905, siku ya Jumapili, ukurasa mzima wa rangi. Kila wiki mtoto analala, anaitwa kwa Mfalme Morpheus akacheze na binti mfalme, njiani mambo yanaharibika, na kwenye kisanduku cha mwisho yuko kitandani kwao, au chini ya kitanda.

Hoja yangu, na nitaitetea hapa mpaka mwisho: McCay alichora gemu ya kuruka miaka sabini na kitu kabla mashine zenyewe hazijakuwepo. Ukurasa ni stej. Kuanguka ni kufa. Kitanda ndipo unapoanzia tena. Tazama ukurasa wa tarehe 26 Julai 1908, kitanda kinaota miguu mirefu na kutembea juu ya majumba ya mji, na visanduku vyenyewe vinarefuka kadiri miguu inavyorefuka. Hiyo ni stej kamili, iko tayari.

Nauliza hivi: kwa nini timu mbili zimchague mtoto huyu, na kwa nini wakati huu? Na nani hapa Mombasa aliyecheza ile ya kampuni ya Kijapani Capcom ya 1990, Little Nemo: The Dream Master, iliyotokana na katuni hii?

FundiWaTudor
Mimi hapa! Chura, fuko, nyuki, sokwe. Unamrushia mnyama peremende mpaka asinzie, halafu unamtumia: chura unarukia juu, fuko unachimbia, nyuki unarukia hewani. Na funguo! Ukifika mwisho wa stej na ufunguo mmoja umeusahau kule nyuma, mlango haufunguki, rudi.

Kaseti yetu ilikuja na mashine ya kuiga ile ya Nintendo, ambayo ami yangu alitoka nayo Dubai. Wale mliocheza kaseti zile za "gemu elfu moja ndani ya moja" mwajua, gemu zilikuwa kumi na zengine zote ni hizo hizo zimebadilishwa jina. Hii ya Nemo ilikuwa kaseti ya gemu moja, kwa hivyo mtaani ilihesabiwa mali.

KasetiNyekundu
MwanaBondeni, rekebisha hapo. The Dream Master haikutokana moja kwa moja na katuni ya gazeti. Ilitokana na filamu ya katuni ya Kijapani iliyotoka 1989, ambayo Marekani ilifika 1992. Filamu ile ilichukua miaka mingi kutengenezwa, hata Miyazaki na Takahata, waongozaji wakubwa wa katuni Japani, walipita kwenye kazi hiyo wakajitoa. Ile fimbo ya kifalme anayopigania Nemo mwisho wa gemu, Nchi ya Majinamizi, yote hayo ni ya filamu. Capcom wakatoa na gemu ya pili mwaka uo huo wa 1990, ya mashine za kutia sarafu.

Kwa hivyo Nemo wa kaseti na Nemo wa gazeti ni mtu na binamu yake.

ShekheWaHaki
Mnazunguka mbali, jibu ni moja: haki zimekwisha. McCay alifariki 26 Julai 1934. Kwa sheria yetu ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ya mtu inalindwa uhai wake na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Marekani, kurasa za 1905 zimetoka kwenye ulinzi zamani. Hakuna wa kumlipa, hakuna wa kumwomba. Timu ndogo isiyo na pesa itamchukua nani kama si yule asiye na mwenyewe?

Tahadhari kwa vijana mtakaotaka kuiga: huru ni kurasa za McCay. Filamu ya 1989 na gemu ya Capcom zina wenyewe. Ukichora Nemo wa gazeti uko salama, ukichora fimbo ile utaitwa mahakamani.

MwanaBondeni
KasetiNyekundu, shukran, ila nyuma ya filamu iko katuni, kwa hivyo damu ni ile ile.

ShekheWaHaki, hoja ya haki haitoshi. Chukua katuni nyengine za magazeti ya Marekani: Katzenjammer Kids ni ya 1897. Krazy Kat ni ya 1913. Nazo ziko huru. Mbona hatuoni timu mbili zikizigombania? Uhuru wa haki unafungua mlango, hausemi nani ataingia.

ShekheWaHaki
Utaona. Popeye yule baharia alitokea gazetini Januari 1929, na kwa hesabu ya Marekani ya miaka 95 yule wa kwanza akawa huru 1 Januari 2025. Tintin wa 1929 vilevile huko Marekani, ingawa Ubelgiji mchoraji wake Hergé analindwa mpaka mwisho wa 2053 kwa sababu alifariki 1983. Subiri uone watakavyojaa.

Nyali_Pikseli
Na Popeye ndiye aliyetakiwa awe kwenye Donkey Kong! Nintendo walimtaka Popeye, haki zikakwama, mbunifu wao Miyamoto akabuni sokwe, seremala na mwanamke badala yake. 1981 hiyo. Mwaka uliofuata wakampata Popeye, na mashine yao ya Famicom ilipotoka Japani Julai 1983, gemu tatu za kwanza zilikuwa Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Kwa hivyo katuni za gazeti na gemu za kuruka zimelala kitanda kimoja tangu mwanzo.

Lakini mimi natengeneza gemu ndogo ndogo na nitawaambia ninavyoona kutoka upande wa kazi. Gemu ya kuruka ya pande mbili ndiyo watu watatu wanne wanaweza kuimaliza. Injini kama Godot ni ya bure. Huhitaji kuchonga dunia ya pande tatu wala kurekodi waigizaji. Kinachokula muda ni mchoro, na hapo ndipo McCay anapokuja na mtaji: majengo, mavazi, rangi, wanyama, kila kitu kimeshabuniwa na mtu aliyekuwa hodari kuliko sisi sote. Nionavyo hiyo ndiyo sababu.

Mla_Mbaazi
Sababu ni pesa za watu wa miaka arobaini. Waliocheza Nemo 1990 sasa wana mshahara na watoto. Basi. Mengine mnapamba.

FundiWaTudor
Au ile filamu ya Netflix, Slumberland, yenye Jason Momoa? Labda iliwaamsha watu.

KasetiNyekundu
Ilitoka 2022. Kickstarter ya Nightmare Fiends ilikuwa 2021. Haiwezi kuwa mama wa mtoto aliyemtangulia.

FundiWaTudor
Sawa. Nina jambo jengine linalonikera kuhusu hizi gemu za "mtindo wa zamani". Mtindo wa zamani wa nani? Zile tulizocheza sisi hapa hazikuwa zinakwenda mbio vile. Nilipoicheza The Dream Master juzi kwenye kompyuta, nyuki alinishinda kumwelekeza. Muziki mbio, Nemo mbio. Nikajua kwa nini: TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na kaseti zilitungwa kwa picha 60. Gemu zile zilihesabu mwendo wake kwa picha, kwa hivyo kwetu zilitembea kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Asilimia kama 17 imepotea. Utoto wetu wote wa Mombasa tulicheza gemu zilizopunguzwa kasi na hatukujua!

Ningeitaka kwenye hizi mpya sehemu ya kuchagua mwendo wa 50. Nazungumza kwa dhati. Mkono wangu umejifunza kuruka kwa mwendo ule.

KasetiNyekundu
Haikuwa hivyo kwa wote. TV nyingi zilizotoka Dubai zilikuwa za mifumo yote, zikipokea na 60. Kwetu Makadara mashine moja ilitoa picha nyeusi na nyeupe tupu kwenye TV ya sebuleni na rangi safi kwenye TV ya jirani. Hiyo ni dalili ya mashine ya 60 kwenye TV isiyojua rangi za Kimarekani. Kwa hivyo wengine tulicheza kasi kamili.

FundiWaTudor
Wewe ulikuwa na jirani mwenye TV ya mifumo yote. Sisi tulikuwa na TV ambayo kitufe chake cha chaneli kiling'oka tukizungusha kwa koleo.

Mla_Mbaazi
Hahaha ile koleo haikukosekana nyumba yoyote.

Nyali_Pikseli
FundiWaTudor ombi lako si gumu kama unavyodhani, ila gemu za sasa hazihesabu mwendo kwa picha, zinahesabu kwa muda. Na ziko huruma nyingi zilizofichwa ndani yake. Ukikanyaga ukingo na kupitiliza, bado una picha chache za kuruka ukiwa tayari uko hewani. Mashine ya zamani ilikuwa na uwezo wa kuchora vitu vinane tu kwenye mstari mmoja wa skrini, cha tisa kinapotea, ndiyo maana maadui walikuwa wakiwaka na kuzimika wakijazana. Hizi mpya zinaiga picha ya zamani bila ule ufinyu. Nayo ndiyo tofauti kubwa kwangu: McCay alikuwa na ukurasa mzima wa gazeti, Capcom walikuwa na nukta 256 kwa 240 na vitu vinane kwa mstari. Nemo wa 1990 hakupata kuonekana kama Nemo wa 1905. Sasa hivi ndiyo mara ya kwanza gemu ya timu ndogo inaweza kumchora kama alivyochorwa. Jibu la "kwa nini sasa" liko hapo.

MwanaBondeni
Nyali_Pikseli, hii ndiyo hoja bora mpaka sasa, na inaunga mkono yangu. McCay mwenyewe hakuridhika na karatasi. Mwaka 1911 alimfanya Nemo atembee kwenye filamu fupi, akichora picha moja baada ya nyingine kwa mkono, maelfu. Mwaka 1914 akaja na Gertie yule dinosari, akawa anasimama jukwaani mbele ya watu na kumwamrisha, naye Gertie kwenye pazia anatii. Mtu anatoa amri, mchoro unafuata! Ukimpa mtu yule pedi mkononi angejua mara moja ni ya nini.

MamaZuu
Nimesoma uzi wote nikingoja mmoja wenu aseme, hakuna. Nani ataizungumzia Impie?

Kwenye katuni ile ile mnayoisifu yuko mhusika mweusi kutoka "Visiwa vya Peremende". Kavishwa sketi ya majani, midomo imechorwa kwa ukatili, hasemi lugha yoyote, anatoa sauti tu. Flip, yule mvuta sigara mwenye kofia iliyoandikwa "Amka", anakwenda naye kama mali yake. Huyo ndiye Mwafrika wa New York Herald. Nina watoto wawili wanaopenda gemu za kuruka kuliko kula. Nikinunua hizi, nataka kujua watakutana na nani kwenye stej ya visiwa.

KasetiNyekundu
Umesema kweli. Capcom na filamu walimwacha nje, na gemu haikupungukiwa kitu. Wamwache nje tena.

BintiKipini
Mimi nakataa kumwacha nje. Ukimfuta, katuni inabaki safi na McCay anabaki msafi, na sisi tunabaki hatupo. Mchore upya, mpe jina, mpe lugha. Visiwa vyake viwe visiwa, viwe na mji, msikiti au soko, na mashua. Nemo ndiye awe mgeni asiyejua kusema.

Mla_Mbaazi
Mimi naona gemu ya watoto isibebeshwe mzigo huo wote. Weka maelezo mwanzoni, endelea.

MamaZuu
Mla_Mbaazi, mtoto wa miaka saba hasomi maelezo ya mwanzoni. Anabonyeza mpaka yaishe. Anachokibeba ni picha. BintiKipini, hilo lako nimelipenda, lakini ni nani atakayeichora hiyo lugha na huo mji? Timu mbili za Marekani? Wataweka minazi na ngoma, basi.

ShekheWaHaki
Na kisheria hakuna wa kuwazuia kubadilisha. Kazi ikiwa huru, unaweza kumgeuza mhusika utakavyo. Kwa hivyo anayemwacha vilevile, kachagua mwenyewe.

BintiKipini
MamaZuu umenigusa penyewe. Basi niulize nililokuja nalo: kwa nini sisi tungoje Nemo? Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wetu, ana gemu ya kuruka tayari. Tazameni.

Stej ya gereza: mama yake anaoka mkate wa wishwa, ndani kaficha tupa. Kijakazi Saada anaupeleka. Walinzi wanakula vyakula vizuri, ule wa wishwa wanamtupia mfungwa, kwa kuwa ni chakula cha wanyonge. Usiku anawafundisha watu wimbo wa gungu, matari na vigoma vinapigwa, na chini ya ule mshindo yeye anasugua minyororo. Hapo una stej ya kufuata mdundo: unasugua ngoma ikilia, ukisugua kimya kimeingia umekamatwa. Halafu anakata minyororo na kukimbia mwituni, na hapo ndipo kuruka kunaanza, mikoko yote ya Ozi iko mbele yako.

Na udhaifu wake unajulikana: chuma hakimdhuru, ila sindano ya shaba kitovuni. Bosi gani wa gemu aliyebuniwa vizuri kushinda huyo?

KasetiNyekundu
Usisahau mkoma! Wale maadui waliopanga kikoa, kila mtu apande kwa zamu atungue makoma, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu.

Mla_Mbaazi
Lakini yeye hakupanda. Alisimama chini akayatungua kwa mishale. Shujaa wa gemu ya kuruka anayekataa kupanda mti, wallahi hii itakuwa gemu fupi.

BintiKipini
Ndiyo uzuri wake yakhe. Mchezaji atakimbilia mti kwa mazoea, atapanda, atauawa. Mara ya pili atafikiri. Ukiwa umefunzwa maisha yako yote na gemu kwamba mti ni wa kupanda, Liyongo anakufunza kuutazama mti kwanza.

FundiWaTudor
Na mwisho wake? Liyongo anauawa na mwanawe. Gemu iishe mchezaji akifa?

BintiKipini
Anachomwa sindano usingizini, anaamka, anakwenda kisimani na upinde wake, anapiga goti, anafia pale pale upinde ukiwa umevutwa. Watu wa mji siku nyingi hawakuthubutu kwenda kuteka maji kwa kumwogopa. Mchezaji hapo hana la kubonyeza. Mimi ningeliacha hivyo. Nyumbani Kipini watu wanaonyesha kaburi lake mpaka leo.

MwanaBondeni
BintiKipini, nimesimama kitini. Lakini niruhusu nitetee uzi wangu: Liyongo ni utendi, umetoka mdomoni na kwenye karatasi ya mashairi. Nemo alikuwa ameshachorwa. Ile kazi ya mchoro, aliyosema Nyali_Pikseli kwamba ndiyo inayokula muda, kwa Liyongo ingali mbele yetu yote. Ukitaka katuni ya hapa iliyokwisha kuchorwa, mzee Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo miongo na miongo. Visanduku vitatu vinne kwa siku, kila siku. Mtu mwenye kichwa kigumu anayeingia shida ile ile kwa njia mpya. Juha Kalulu kwenye gemu ya kuruka ningeinunua bila kuuliza bei.

ShekheWaHaki
Juha Kalulu ana wenyewe, msimguse bila ruhusa. Liyongo ni wa wote.

Nyali_Pikseli
Na Tanzania walikuwa na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili kwenye gazeti la Sani. Hapa Kenya Terry Hirst alizifanya ngano zetu vitabu vya picha miaka ya themanini. Mchoro wa kuanzia upo, watu hawajui tu.

Mla_Mbaazi
Mimi bado nasema pesa za watu wa miaka arobaini. Mmezungumza Liyongo, mmezungumza PAL, mmezungumza dinosari, hakuna aliyenijibu.

KasetiNyekundu
Nakujibu. Watu wa miaka arobaini walicheza gemu mia. Kwa nini hii? The Dream Master haikuwa Mario, wengi hawakuimaliza. Kumbukumbu peke yake ingeleta gemu nyengine kwanza.

Mla_Mbaazi
Hawakuimaliza, ndiyo maana wanairudia.

MamaZuu
Hilo nalo lina ukweli wake. Mimi sikuimaliza. Stej ya treni ya kuchezea ilinishinda na kaka zangu wakachukua pedi.

FundiWaTudor
MamaZuu njoo uimalize. Mashine yangu ingali hai, nimebadilisha kapasita mbili na adapta. Tatizo kaseti: hizi za kuiga zina pini 60, na ile ya Kimarekani ya pini 72 niliyoagiza haiingii. Yeyote mwenye kigeuzi cha 72 kwenda 60, au kaseti ya Nemo ya pini 60 hata ikiwa haina gamba, aniandikie faraghani. Nalipa, sikopi.

Nyali_Pikseli
BintiKipini, nami nakuandikia faraghani. Nataka ile stej ya gungu tu, dakika mbili za kucheza, gereza moja, walinzi wawili. Nahitaji mtu anayejua mdundo wa kweli wa gungu na mtu wa kuchora mavazi. Sitaki minazi na ngoma za kubuni, MamaZuu ameshatuonya.

BintiKipini
Mdundo niachie mimi, nina shangazi aliyekuwa akipiga vigoma harusini. Mchoraji tafuta wewe. Na walinzi wawe watatu, wawili wataacha pembe moja wazi.